Mwezi Kumi na Saba

Saa kumi na robo ya jioni maji yaliufikia mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji ya jana, yakaupita, nami nikanyamaza.

Nilikuwa nimesimama juu ya jukwaa la mbao mbili ubavuni mwa mashua ya Kalondu, ubavu unaotazama bahari, bisibisi mkononi. Ndani ya mashua, kwenye kisanduku cha tezi, cha nyuma kabisa, ambacho hata mbuzi angegoma kuingizwa, alikuwa amelala chali Muasya, kaka yake Kalondu, na spana yake. Mimi nilipitisha bolti kutoka nje, yeye alikaza nati kutoka ndani. Kati yetu palikuwa na ubao mpya na ukuta wa mashua, na sauti zetu zilipita kwenye matundu ya bolti, kila tundu upana wa kidole.

"Mheshimiwa!" aliniita. Alikuwa akiniita hivyo tangu jana, aliposikia kwamba hakuna baraza la chifu ambalo sijalivuruga. "Umepata usingizi huko nje?"

"Sijalala."

"Basi lete bolti. Huku ndani pananuka soksi za askari."

Nikaiingiza. Nikatazama chini. Gadi la karibu yangu, moja ya yale magogo ya mkoko yaliyokuwa yameiegemeza mashua isimame wima, lilikuwa na fundo jeusi ambalo jana halikulowa. Sasa sikuliona fundo.

"Nikaze?" akauliza.

"Kaza. Tumalize hizi tatu, kisha utoke upumzike."

Mambo haya hayakuanza jana. Pale Shimoni tulikuwa na mtelemko wa saruji wa kupandishia vyombo. Tuliujenga wenyewe. Marehemu baba alibeba mawe, mimi nilibeba maji ya kuchanganyia saruji nikiwa na miaka tisa, na majina ya wote walioshika koleo ninayo kichwani. Mwaka wa tisini na sita tajiri mmoja ambaye hadi leo hatujamwona uso alileta karatasi, karatasi ikaleta ukuta, ukuta ukaleta mbwa. Nimeandika barua kumi na nne. Nimelala selo mara mbili. Wenzangu wamesahau, na wengine wanaulinda ukuta huohuo wakiwa wamevaa sare. Ndiyo maana siku hizi mwenye chombo akitaka kukitengeneza hukivuta mchangani huko nyuma, kwenye mikoko, kama mwizi, akawa mtumwa wa mwezi na maji yake.

Kalondu alikuwa na mashua ya tanga ya zamani ambayo huitumia kuwapeleka wageni wa Diani kuogelea kwenye miamba. Mtoto wa walowezi wa Kikamba wa Shimba Hills, na tanga analijua kuliko wengi waliozaliwa wananuka samaki. Mwili wa mashua ni faiba, lakini kuizunguka juu, pale sitaha inapokutana na ubavu, ilivaa ubao wa msaji wa kuikinga isijigonge gatini. Ubao huo ulikuwa umekwisha. Ulipauka rangi ya mfupa, nyufa zake zilimeza ukucha, na ukiubonyeza ulitoa unga. Muasya, ambaye ni fundi wa milango na madirisha, alikuja na mbao za bambakofi alizozitoa kwenye miimo ya nyumba ya kale iliyobomolewa. Alizipiga randa hadi zikang'aa kama kahawa. Bahari hakuijua. Kuogelea hakujua. Alinitania jana kwamba maji yake yote maishani yametosha kwenye karai.

Fundi mkuu wa kazi alikuwa mzee Mbwana, aliyetengeneza vyombo tangu kabla ya ukuta. Lakini alikuwa Vanga kwenye hitima ya shemeji yake. Alinipigia simu wiki iliyopita, akaniambia: "Mwero, chombo kipande mwezi kumi na saba. Mimi nitakuwa nimefika, Mungu akipenda. Nisipofika, msinisubiri, maji hayasubiri." Kisha simu yake ikaisha moto, na haikupatikana tena.

Hesabu hiyo ni ya wazee. Bamvua, maji makubwa kuliko yote, hufika kileleni mwezi kumi na saba, siku ya kumi na saba tangu mwezi uandame. Ukikipandisha chombo siku hiyo, maji ya kesho yake hayakifikii, na kila siku yanazidi kurudi nyuma. Unapata siku kumi za kufanya kazi pakavu, hadi bamvua la mwezi mwandamo lije likiinue. Lakini ukikipandisha kabla ya kilele, maji ya kesho ni makubwa kuliko ya leo, na yatakifuata.

Jumapili nikasema ni mwezi kumi na saba. Tukaivuta mashua kwa kamba maji yalipojaa, tukaisimamisha kwa magadi manane. Kalondu alikuwa na simu yake mkononi.

"Kaka Mwero," akasema, "hii jedwali ya maji inasema kesho yatapanda zaidi. Si mengi. Kiganja hivi."

Ningeweza kuitazama. Kichwa kingegeuka mara moja tu. Badala yake nikamjibu mbele ya kaka yake: "Mmechukua mashamba, mmechukua kazi za hoteli, sasa nyinyi watu wa bara mtatufundisha na maji?"

Alinitazama kidogo. Akaitia simu mfukoni. Muasya akacheka ili pasiwe na kimya, akasema, "Mheshimiwa amehutubia, tufanye kazi," na tukafanya kazi. Ubao wa zamani wa pande zote mbili uling'oka kwa mikono, umeoza hivyo, na Jumatatu adhuhuri bolti zote zenye kutu zilikuwa zimekatwa. Yalibaki matundu tu, thelathini na moja kila upande. Ni mimi niliyesema tuzitoe pande zote kwa pamoja. Tuna siku kumi, nilisema.

Basi niko juu ya jukwaa, fundo la gadi limezama, na ninampitishia mtu bolti ya pili kati ya zile tatu.

Nilikuwa nikijiambia ni wimbi la mashua ya injini iliyopita mbali. Nilijiambia ni upepo unaoyasukuma. Mtu mwenye maneno mengi huwa nayo pia ya kujidanganya.

Ndipo mzee Mbwana akatokea kwenye njia ya mikokoni, kanzu ameikunja hadi magotini, kikapu cha vifaa begani.

"Salaam alaykum."

"Alaykum salaam. Shikamoo mzee," akaitikia Kalondu kutoka sitahani. "Tulidhani hitima imekuweka."

"Marahaba mwanangu. Ilikwisha jana." Mbwana alikiweka kikapu chini, akaitazama mashua, akakiinua tena kwa sababu pale alipokiweka hapakuwa pakavu tena. "Nani ameipandisha?"

"Mimi," nikasema.

"Lini?"

"Jana. Mwezi kumi na saba, kama ulivyoagiza."

"Jana ilikuwa kumi na sita."

"Mzee, Idi ilikuwa Ijumaa. Hesabu."

"Idi yako!" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Ijumaa mimi nilikuwa nimefunga. Mwezi tuliuona hapa, kwa macho haya, tukasali Jumamosi. Wewe ulifuata mwezi wa redioni, ni sawa, Mungu ataupokea. Lakini wazee waliotunga hesabu ya maji hawakuwa na redio! Leo ndiyo kumi na saba, Mwero. Mimi nimekuja *leo* kuipandisha."

Ndivyo tulivyo sisi. Mwezi mmoja wa Mfunguo mosi, Idi mbili, na kila mtu anakwambia tarehe bila kukwambia ni ya mwezi wa nani. Tumekuwa tukibishana misikitini miaka na miaka, tunanuniana hadi kwenye mazishi, na siku ile hakuna kati yetu wawili aliyekumbuka kuuliza.

Mkono wa Kalondu uligusa mfuko wa simu, ukauacha. Alishika kamba ya mlingoti akayatazama maji.

Gadi la nyuma likalia *kt*, kama goti la mzee, kisha likainuka taratibu likaanza kuelea.

La pili likafuata. Jukwaa langu lilitikisika, na ubavu wa mashua uliokuwa umetulia kama ukuta wa nyumba tangu jana ulinijia kifuani, ukarudi. Ilikuwa imeinuka. Kiganja kimoja tu, lakini kiganja kilitosha.

"Mwero." Sauti ya Muasya ilitoka kwenye tundu. Hakuniita Mheshimiwa. "Mwero, hiki kitu kinatembea."

"Toka," nikamwambia. "Rudi nyuma polepole, toka."

Kisha msuguano, na pumzi. Kisha: "Nimenasa."

"Wapi?"

"Ovaroli. Mgongoni. Imeshikwa na hizi bolti zilizotokeza, sijui ni ngapi. Sifiki." Akavuta, nikasikia kitambaa kikikaza. "Mwero, ni maji hayo ninayosikia?"

Nikasogeza jicho kwenye tundu. Niliona jicho lake. Lilikuwa karibu mno, jeupe, na lilinitazama kama ng'ombe anavyokutazama akiwa amefungwa miguu. Nililiondoa langu haraka, na hiyo ndiyo aibu ninayoikumbuka kuliko selo zote mbili.

"Kalondu! Ndani!" Mbwana akaamuru. "Mkate nguo, usimvute. Mwero, shuka hapo."

Nikaruka. Maji yalinifika kifuani. Mbwana alikuwa ameingia mpaka kiunoni na kanzu yake, akanishika shingo, akanisemeza sikioni ili walio ndani wasisikie.

"Sikiliza. Sasa hivi inaelea, na ikielea inasimama wima kwa uzito wa mkuku wake huko chini. Kuelea hakutaiua. Kitakachoiua ni maji yakianza kurudi. Itashuka, na haina miguu, magadi yamekwenda. Mchanga umeinamia bahari, nayo itaangukia bahari, kwenye kina. Ubavu ule una matundu mangapi yasiyofunikwa?"

"Ishirini na kitu."

"Na kisanduku cha tezi kitakuwa upande gani?"

Kingekuwa chini. Kingekuwa cha kwanza kujaa.

"Tuyarudishe magadi," nikasema.

"Watu wawili, magogo manane, chombo kinacheza? Litakuvunja kifua." Alitazama juu ya mlingoti. "Hatuwezi kuizuia isianguke. Tutachagua iangukie wapi. Lete henza."

Henza ni kamba ya kutwekea tanga; hupita juu kabisa mlingotini. Nilipanda, nikaifungua pale chini ya mlingoti, na nilipokuwa nikihangaika na fundo niliwasikia chini ya miguu yangu. Kalondu alikuwa amejilaza kwenye uwazi wa kisanduku, mabega yamemkwamisha, mkono umefika kiunoni kwa kaka yake na si zaidi. Alikuwa akimsemesha Kikamba, taratibu, bila kukoma, kama anavyosemeshwa mtoto mwenye homa. Muasya hakuwa akijibu kwa maneno. Alikuwa akigonga. Spana kwenye ukuta, ko, ko, ko, na kila pigo lilipita kwenye nyayo zangu.

Niliruka na kamba, nikaogelea hadi ng'ambo ya nchi kavu, kwenye mkoko mkubwa uliokuwa na mizizi kama mbavu. Mbwana akaizungusha kwenye shina mara mbili.

"Mungu akitujalia, itaegemea huku juu, mchangani, penye maji ya goti. Tukikosea inatuponyoka na kurudi kule. Usivute mpaka nikwambie. Ukivuta mapema itazunguka tu. Ukichelewa, basi."

Tukasubiri. Hiyo ndiyo sehemu nisiyoweza kuieleza vizuri. Maji yalikuwa yamesimama, hayaji wala hayaendi, matulivu kabisa, kajani kamoja ka mkoko kanazunguka mahali pamoja mbele ya goti langu. Mashua ilisimama wima, nzuri, ubao mpya wa bambakofi ukimetameta nyuma kwake. Aliyekuwa akipita angesema, tazama chombo kizuri. Na ndani yake lile ko, ko, ko.

Halafu likakoma.

"Kalondu!" nikapiga kelele.

"Ananishika mkono!" akajibu. "Amechoka! Nimekata moja, bado mbili! Msiangushe sasa! Tafadhali, msiangushe sasa!"

Nikamtazama Mbwana. Hakunitazama. Alikuwa akiangalia kile kijani cha mkoko. Kilikuwa kimeacha kuzunguka. Kilisogea upande wa bahari, upana wa unyayo, kikangoja, kikasogea tena.

"Mzee, bado wamo ndani. Bado hajatoka."

"Nimesikia."

"Tungoje kidogo."

"Mwero, maji hayakujui. Vuta."

Nikavuta. Kamba iliteleza mara ya kwanza ikanichuna ngozi ya viganja. Mlingoti ulianza kuja, inchi moja, inchi mbili, mkuku ukagusa mchanga, nikausikia ule mkwaruzo, na hapo mashua ikasita. Ikainamia bahari. Naapa iliinamia bahari. Kamba ilikaza mpaka ikatoa maji kama nguo inayokamuliwa, mizizi ya mkoko ikalia, na mzee Mbwana akajitupa chali juu ya kamba kwa uzito wake wote mdogo. Nami nikajitupa. Ndani Kalondu alipiga ukelele mmoja tu.

Ikarudi. Ilikuja upande wetu polepole, kisha ghafla, ikalala mchangani kwa kishindo kilichorusha matope hadi usoni. Maji ya goti yakaruka, yakaingia kwenye matundu ya upande huu, ndoo mbili tatu, yakakoma. Matundu ya upande wa bahari yalitazama mbingu.

Hakuna aliyetoka.

Nilianza kuhesabu, sijui kwa nini. Nilifika arubaini na sita. Kisha mguu wa Kalondu ukatokea mlangoni, kisha Kalondu, na nyuma yake, akitambaa, Muasya, mgongo uchi, michirizi mitatu ya damu kutoka bega hadi kiunoni. Kisu alikishika yeye. Sijui alikipataje. Alishuka mchangani akakaa pale pale kwenye maji, akayashika maji kwa mikono miwili kama mtu anayepima joto lake.

Kalondu alimfunika kwa leso. Mbwana akasema "Alhamdulillahi" mara tatu, akageuka kuyatazama magadi yaliyokuwa yakielea kwenda zao.

"Nataka kuuliza," akasema Muasya. "Uliniambia tumalize bolti tatu. Wakati ule, maji ulikuwa umeyaona?"

Nimesimama mbele ya wakuu wa wilaya wanne. Nimejibu mawakili. Hapo nilitafuta neno la kujiokoa, na naungama nililipata, lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini alikuwa akinitazama kwa lile jicho.

"Niliyaona," nikasema.

Akatikisa kichwa kidogo kana kwamba nimemtajia kipimo cha ubao.

"Tuna hadi alfajiri," Mbwana akasema, akiwa ametugeuzia mgongo. "Chombo kilicholala hakihitaji maji makubwa. Hata yale madogo yatafika kwenye matundu ya upande huu wa chini. Tutie bolti tupu, bila ubao, na deheni nyingi ya kuziba maji, tuzikaze kabla ya giza. Anahitajika mtu kisandukuni."

Kalondu alinitazama. Hakusema kwamba alinionya. Laiti angesema.

"Wewe," akasema.

Mimi ni mrefu kuliko Muasya. Niliingia kwa kichwa, mkono mmoja mbele na spana, mwingine umebanwa ubavuni. Mashua ilikuwa imelala, kwa hiyo nami nililala kwa bega, shavu kwenye maji yaliyobaki, yenye chumvi na mafuta. Kando ya uso wangu palikuwa na vipande vya ovaroli ya bluu vimening'inia kwenye bolti. Niliijua bahari tangu nikiwa mtoto, na sikuwahi kuisikia kutoka mahali pale. Inaongea kwenye ukuta. Inakuwa karibu kuliko ilivyo.

Nje, mtu alilala chali kwenye mchanga uliolowa ili ayafikie matundu. Nilidhani ni Mbwana. Bolti ya kwanza ikaingia, imepakwa deheni, nikaizungusha nati.

"Maji yameshuka mpaka kwenye mizizi," sauti ikasema. Ilikuwa ya Muasya.

Sikuwa nimeuliza. Nikakaza. Bolti ya pili ikaja.

"Yako nje ya mizizi. Naona mchanga."

Aliniambia kwa kila bolti. Hakuruka hata moja, hakuongeza neno jingine, na wala hakuniita jina lolote. Kwenye ya ishirini mwanga wa matundu ulikuwa umegeuka mwekundu, na mimi nilikuwa nimejikojolea kidogo, nayo naungama. Kwenye ya mwisho, ya thelathini na moja, akasema, "Yako mbali sasa. Hata siyaoni."

Nilijua anasema kweli. Hata hivyo niliizungusha nati ile haraka kuliko zote, sikio nimelibandika ukutani, nikiyasikiliza yakija.